Barua ya wazi kwa wasimamizi wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi: tuulizwe kabla ya uamuzi

Kwa Waziri mwenye dhamana ya kazi,
Mwenyekiti na Wajumbe wa Bodi ya Wadhamini,
na Mkurugenzi Mkuu,
Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi.

YAH: KUWASHIRIKISHA WADAU KATIKA MAAMUZI YA MFUKO

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni katibu wa kamati ya usalama na afya katika shamba moja la mkonge wilayani Korogwe, mkoani Tanga, na kabla ya hapo nilikuwa mwakilishi wa wafanyakazi kwenye tawi letu la chama kwa mihula miwili. Kazi yangu ya mshahara iko karakana. Kazi isiyo na mshahara, ambayo ndiyo inayonifanya niandike, ni kukaa na mwenzangu aliyeumia, au na mke wake kama mwenyewe hayupo tena, tukajaza fomu, tukatafuta nakala za vyeti, tukasubiri jibu.

Niseme kwanza jambo ambalo sisi tunaolalamika huliruka. Kabla ya Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, na kabla ya Mfuko kuanza kazi Julai 2015, aliyekatwa mkono alikuwa akimtazama mwajiri wake mwenyewe amlipe, kwa sheria iliyorithiwa kutoka kwa mkoloni na kwa viwango vilivyoandikwa wakati shilingi ilikuwa shilingi. Mwajiri akifilisika, au akihama usiku na mashine zake, fidia ilihama naye. Leo mwajiri ndiye anayechangia, mfanyakazi hakatwi hata senti moja, na anayeumia ana mahali pa kudai: matibabu, malipo ya ulemavu wa muda, malipo ya ulemavu wa kudumu, malipo ya anayemhudumia mgonjwa asiyejiweza, huduma za utengamao, msaada wa mazishi na malipo kwa wategemezi. Nimeona familia zinazokula kwa sababu ya malipo hayo. Naomba barua hii isisomwe kama ya mtu aliyesahau tulikotoka.

Ombi langu linahusu meza ambako maamuzi hufanywa, na nani anayekuwapo rasimu inapokuwa bado rasimu. Sheria imeipa Bodi ya Wadhamini sura ya utatu: Serikali, waajiri na wafanyakazi. Huo ni msingi mzuri, lakini viti ni vichache, na anayekalia kiti cha wafanyakazi anatakiwa kumsemea mwalimu wa Kigoma, nesi wa Mtwara, mchimba dhahabu wa Geita, dereva wa lori la Tunduma na mkata mkonge wa kwetu kwa pumzi moja. Hata akiwa hodari namna gani, kuna mtu mmoja ambaye hana namna ya kumfikia, naye ni yule ambaye tayari amelipwa au anadai kulipwa. Aliyeachishwa kazi kwa sababu ya ulemavu hakatwi tena ada ya chama, na asiyekatwa ada haitwi mkutanoni. Mjane wa marehemu hakuwahi kuwa mwanachama hata siku moja. Kwa hiyo wale ambao Mfuko umeundwa kwa ajili yao ndio wanaotoka kwenye daftari la kila chombo siku ile ile wanapouhitaji.

Nitatoa mfano mmoja kwa urefu, kwa sababu ndio ulionifundisha maana ya neno ushirikishwaji kuliko semina yoyote.

Mwenzetu mmoja alikuwa akilisha majani kwenye korona. Kwa wasioifahamu, korona ni mashine inayopondaponda jani la mkonge, maji yakipita juu yake, mpaka unabaki uzi tu. Jani lilikwama, akalisukuma, mkono wa kulia ukaenda nalo. Alipoteza vidole vitatu. Taarifa ilitolewa kwa wakati, alitibiwa, alipimwa, malipo yakakubaliwa. Mpaka hapo kila kitu kilikwenda kama sheria inavyotaka. Kisha akaenda benki aliyofungulia akaunti miaka mingi nyuma kuchukua fedha yake, na karani akamrudisha: sahihi hailingani. Ilingane vipi? Ile ya zamani aliiandika kwa mkono wa kulia, na sasa kalamu anaishika kwa wa kushoto kama mtoto wa darasa la kwanza. Akaambiwa aweke dole gumba badala ya sahihi, lakini kwa kubadili utaratibu wa akaunti ilitakiwa barua yenye sahihi, ile ile isiyolingana. Alikwenda mjini mara nne. Nauli, kusubiri kwenye benchi, kuonyesha bandeji kwa watu asiowajua. Mara ya tano nilikwenda naye mimi pamoja na mtendaji wa kijiji na barua yenye mhuri, na jambo likaisha kwa dakika kumi.

Kosa hilo silielekezi kwa Mfuko. Nalileta kwa sababu lilinifanya niwaze. Utaratibu wa malipo ya ulemavu una hatua nyingi, na katika kila hatua kuna mtu aliyekaa ofisini akaamua ni karatasi gani itakiwe, iandikwe kwa mkono gani, ipelekwe wapi, na nani aithibitishe. Laiti mezani pangekuwapo mtu mmoja tu aliyepoteza mkono, suala la sahihi lingeulizwa katika dakika tano za mwanzo, na huenda Mfuko na mabenki wangekubaliana mapema juu ya barua moja ya utambulisho inayotosha. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wataalamu wanaoandaa miongozo ni watu wenye akili na nia njema, ila wengi wao hawajalala kwenye kitanda hiki.

Nije kwenye mambo mazito zaidi, yale ya fedha. Mfuko ulipoanza, mwajiri wa sekta binafsi alichangia asilimia 1 ya mishahara, na wa sekta ya umma asilimia 0.5. Waajiri wa sekta binafsi waliomba nafuu hadharani, kwa hoja na kwa takwimu, kupitia vyombo vyao vyenye wataalamu na ofisi. Mwaka 2021 kiwango chao kikashushwa hadi asilimia 0.6, na baadaye kikafikishwa asilimia 0.5, sawa na sekta ya umma. Sina ugomvi na uamuzi huo. Mwajiri aliyelemewa huanza kwa kupunguza watu, na mimi nimeona orodha za kupunguzwa zikibandikwa ukutani. Nautaja kwa sababu unaonyesha jinsi mdau mwenye sauti anavyosikilizwa: alipewa nafasi, akajenga hoja, akajibiwa.

Sasa tuutazame upande wa pili wa mizani hiyo hiyo. Ikiwa Mfuko uko imara kiasi cha kuweza kupunguza michango, ni nani aliyesimama siku hiyo na kuuliza kuhusu mafao? Sheria inasema ulemavu wa kudumu usiozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo, na unaozidi hapo hulipwa pensheni ya kila mwezi. Kwa karani wa ofisini mwenye kiti na kompyuta, asilimia 25 huenda ikawa ni kero tu ya maisha. Kwa mtu ambaye mtaji wake wote ni mikono miwili na panga la kukatia mkonge, asilimia hiyo hiyo ni mwisho wa ajira. Anapewa fedha ya mkupuo, ndugu wanasikia, mabati yananunuliwa, miezi minane baadaye amerudi kwa mama yake. Huenda mstari wa asilimia 30 una sababu nzuri za kihesabu, na huenda kuubadilisha kungeudhoofisha Mfuko. Mimi si mtaalamu wa tathmini ya bima. Ninachosema ni kwamba swali hilo linastahili kuulizwa kwa uzito ule ule ambao swali la asilimia 0.5 liliulizwa nao, na anayeweza kuliuliza vizuri zaidi ni yule aliyeko upande usiofaa wa mstari.

Au tuchukue suala la kipato. Ulemavu wa muda hulipwa kwa asilimia 70 ya mshahara, kwa muda usiozidi miezi 24. Sentensi hiyo ni rahisi kwa mwenye hati ya mshahara. Mkata mkonge hulipwa kwa idadi ya mizigo aliyokata, na mizigo ya Machi, shamba likiwa limejaa tope na tela haifiki kwenye mstari, hailingani kamwe na mizigo ya Septemba. Kibarua wa ujenzi analipwa kwa siku, na siku nyingine hakuna saruji. Dereva ana mshahara mdogo kwenye karatasi na posho ya safari ndiyo inayolisha watoto. Je, tuhesabu mwezi upi, wa kabla ya ajali au wastani wa mwaka mzima? Na posho je? Haya ndiyo maswali ambayo jibu lake, liwe kwenye kanuni au kwenye mwongozo wa ndani wa afisa madai, linaweza kupunguza nusu ya kile mtoto wa marehemu atakachopokea, na ndiyo maswali ambayo mhasibu wa shamba, mnyapara na mkataji mwenyewe wangeweza kuwachorea ninyi picha yake kwa asubuhi moja.

Msidhani naomba hisani. Ibara ya 21 ya Katiba yetu inampa kila raia haki na uhuru wa kushiriki kwa ukamilifu katika kufikia uamuzi juu ya mambo yanayomhusu yeye na maisha yake. Shirika la Kazi Duniani, katika Mkataba Na. 102 wa mwaka 1952 unaohusu viwango vya chini vya hifadhi ya jamii, na tena katika Mkataba Na. 121 wa mwaka 1964 unaohusu mafao ya kuumia kazini, linataka wawakilishi wa watu wanaolindwa washiriki katika uendeshaji, au angalau wahusishwe kwa ushauri, pale ambapo uendeshaji haujakabidhiwa taasisi inayosimamiwa na mamlaka za umma wala idara ya Serikali yenyewe. Neno lililotumika ni watu wanaolindwa. Ujerumani, iliyotunga sheria yake ya bima ya ajali kazini mwaka 1884, inaendesha mifuko yake ya ajali kwa mabaraza ambayo wawakilishi wa wenye bima na wa waajiri hukaa kwa idadi sawa na huchaguliwa kila baada ya miaka sita. Sisemi tunakili, nchi yao ni yao. Hapa kwetu tayari tunalo Baraza la Ushauri la Masuala ya Kazi, Uchumi na Jamii lililoundwa kwa Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, na tunazo kamati za usalama na afya kwenye sehemu za kazi. Mabomba yapo. Tunaulizia maji.

Najua mtaniambia kwamba vikao vya wadau hufanyika. Vinafanyika, na nimehudhuria vya taasisi mbalimbali ndani ya mkoa na nje. Naomba nivieleze kama nilivyoviona, bila kumtaja aliyeviitisha. Bango linatundikwa. Mgeni rasmi anachelewa. Mada inawasilishwa kwa slaidi sitini, zikieleza kazi za taasisi na mafanikio yake. Chai inapoa. Ikifika saa nane na nusu mshereheshaji anatangaza kwamba tunachukua maswali matatu tu kwa ajili ya muda, na maswali hayo yanajibiwa kwa pamoja na mtu mmoja anayesema yote yamepokelewa na yatafanyiwa kazi. Tunapiga picha ya pamoja. Hicho ni kikao cha kuelimisha, na elimu ni jambo jema, hasa kwa waajiri wadogo ambao hadi leo wanadhani Mfuko huu ni kodi nyingine. Lakini kuelimishwa juu ya uamuzi uliokwishafanyika na kuulizwa kabla haujafanyika ni vitu viwili, na sisi tumekuwa tukipewa cha kwanza kwenye sahani iliyoandikwa jina la cha pili.

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Kila Mfuko unapokusudia kubadilisha kanuni, mwongozo wa kupima ulemavu, utaratibu wa madai au kiwango chochote cha mafao au michango, rasimu itangazwe kwa Kiswahili, pamoja na karatasi fupi inayoeleza tatizo ni nini, njia gani zimefikiriwa, na kila njia itagharimu kiasi gani. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria zetu, na haitakuwa busara rasimu ya fidia ya mkata mkonge imfikie kwa lugha ambayo itabidi amtafute mwanafunzi wa likizo amsomee. Muda wa maoni usipungue siku sitini. Barua kutoka Dodoma hadi ubao wa matangazo wa shamba letu ina safari yake, na msimu wa mvua safari hiyo ni ndefu zaidi.

Maoni yakishatolewa, yajibiwe. Hili ndilo ninalolipa uzito kuliko yote, na kama mtachukua jambo moja tu kwenye barua hii, naomba liwe hili. Toeni waraka unaosema: maoni haya tumeyakubali, haya tumeyakataa kwa sababu hizi, na haya tunayahifadhi hadi tathmini ijayo ya uhai wa Mfuko, yaani hesabu za kujua kama fedha zake zitatosha miaka ijayo. Mtu akikataliwa kwa sababu anaweza kuishi na jibu hilo, hata kama anaguna. Anayetoa maoni mara tatu bila kusikia chochote hafungui tena mdomo, na mara ya nne ninyi mtaandika kwenye taarifa kwamba wadau hawakuwa na hoja.

Iundwe pia kamati ya ushauri inayokutana na menejimenti na kupeleka maoni yake kwa Bodi, yenye watu wanaopokea pensheni ya ulemavu, wajane na wagane wanaopokea malipo ya wategemezi, madaktari waliopewa mafunzo ya kupima ulemavu, wawakilishi wa vyama vya matawini kutoka kilimo, migodi, ujenzi na usafirishaji, na waajiri wadogo ambao hawana ofisi ya kuwasemea Dar es Salaam. Waajiri wadogo nawataja kwa makusudi. Fundi mwenye karakana ya kuchomelea na vijana watano naye ni mdau, na mara nyingi haripoti ajali ndani ya siku saba zinazotakiwa kwa sababu anadhani akiripoti atafungiwa. Mkimsikiliza yeye mtapata taarifa nyingi zaidi kuliko mkimtishia.

Watafiti nao wapewe mlango. Vumbi la mkonge na vifua vya wanaofanya kazi ndani yake vimeshachunguzwa na wataalamu wa Muhimbili pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Bergen, Norway. Sisi tunaosimama kwenye mashine za kupiga burashi tulikuwa tunajua kwamba kikohozi cha Jumatatu, kile kinachotushika tukirudi kazini baada ya mapumziko, si mafua, ila sasa kimeandikwa na wanaoaminika. Orodha ya magonjwa yatokanayo na kazi inapopitiwa, wenye mapafu na wenye mizani ya kupimia vumbi wakae meza moja. Magonjwa ndiko tunakopoteza wengi kimyakimya, kwa sababu kidole kilichokatika kila mtu anakiona, na kifua kinachozibwa kidogo kidogo kwa miaka kumi na tano hakina siku ya ajali ya kuandika kwenye fomu.

Kuna pingamizi mbili ninazozitarajia. Ya kwanza ni kwamba mashauriano yanachelewesha. Ni kweli, kwa miezi miwili au mitatu. Lakini kanuni iliyotoka haraka na kurudishwa kufanyiwa marekebisho inachelewesha zaidi, na madai yaliyokwama kwa sababu ya fomu isiyoeleweka yanakula muda wa maafisa wenu kila siku ya Mungu. Ya pili ni kwamba masuala ya uwekezaji na hesabu za muda mrefu ni ya kitaalamu mno. Hapo nakubali nusu. Sitaki kuchagua hati fungani. Nataka muhtasari wa tathmini ya uhai wa Mfuko utolewe kwa lugha ninayoweza kumsomea mwenzangu chini ya mwembe, ili tunapoomba ongezeko la fao fulani tujue tunaomba kutoka kwenye chungu chenye kiasi gani.

Kuhusu mfumo wa mtandao, ambao umemrahisishia mwajiri kujisajili, kuchangia na kuwasilisha taarifa, nitasema kidogo tu: kabla ya kila toleo jipya, wakalisheni mbele ya skrini wafanyakazi kumi wa mashambani wenye simu za batani, muone wanakwama wapi.

Mwaka juzi alinijia mama mmoja kutoka kijiji cha jirani. Mumewe alikuwa kibarua kwenye jengo lililokuwa likijengwa mjini, akaanguka kutoka kwenye jukwaa, akafa. Msimamizi alimpa rambirambi na gunia la mchele, akamwambia kibarua asiye na mkataba wa maandishi hana fidia, jambo ambalo si kweli, maana sheria inamtambua mfanyakazi hata kama mkataba wake ulikuwa wa mdomo na malipo yake ni ya siku. Aliamini. Alikuja kwangu kwa shughuli nyingine kabisa, kuuza ndizi, akaona fomu mezani na kuuliza ni za nini. Nilipohesabu tarehe, miezi kumi na miwili ya kuwasilisha madai ilikuwa imepita kwa wiki tano. Nilimshauri aandike kuomba asikilizwe, na tuliandika pamoja. Lakini nimejiuliza mara nyingi: ukomo huo wa miezi kumi na miwili ulipojadiliwa, kulikuwa na mjane ndani ya chumba hicho? Angesema nini kuhusu arobaini, kuhusu eda, kuhusu kugombania shamba na mashemeji, kuhusu miezi ambayo mtu anatembea lakini hayupo? Pengine ukomo ungebaki ule ule. Pengine ingeongezwa sentensi moja ya kumpa Mkurugenzi Mkuu nafasi ya kupokea madai yaliyochelewa kwa sababu ya msingi, au wajibu wa mtendaji wa kata kumjulisha kila mfiwa wa ajali ya kazini.

Kamati yetu hukutana Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, saa tatu asubuhi, kwenye banda la karakana. Afisa yeyote wa Mfuko mwenye rasimu mkononi anakaribishwa, na hahitaji bango wala mgeni rasmi. Tutamwekea benchi karibu na mlango, kwa sababu ndani kuna kelele za korona, na tutawaita wale watu watatu wa shamba letu wanaopokea pensheni ya ulemavu pamoja na yule mwenzetu wa sahihi, ambaye kwa sasa anaandika vizuri tu kwa mkono wa kushoto.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Katibu wa Kamati ya Usalama na Afya,
Shamba la mkonge, Korogwe.

Nakala:
Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi Tanzania (TUCTA)
Chama cha Waajiri Tanzania (ATE)
Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA)